Mto Tana na Maji ya Mei



Kama uko Nairobi na leo asubuhi ulifungua mfereji ukajaza birika, kisha ukawasha umeme kuchemsha chai, basi uliutumia Mto Tana mara mbili kabla hujavaa viatu. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na Mto Thika unaolijaza bwawa hilo ni mojawapo ya mito inayoingia Tana. Umeme nao, kwa sehemu yake, hutoka kwenye mabwawa matano yaliyofuatana katika mto huo huo: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Kwa pamoja yanaweza kutoa karibu megawati 600, na kabla mvuke wa ardhini wa Olkaria haujashika nafasi ya mbele, taa za nchi hii zilitegemea zaidi maji ya Tana kuliko kitu kingine chochote.

Sikulaumu kwa hilo, na simlaumu aliyejenga. Mji wenye mamilioni ya watu lazima unywe maji, na nchi lazima iwe na umeme. Ninachotaka tukizungumze ni kule mto unakoishia. Tana unatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unazunguka nyika kwa kiasi cha kilomita 1,000, unapita Garissa, Bura, Hola na Garsen, ndipo unaingia Bahari ya Hindi pale Kipini. Watu wanaoishi sehemu hiyo ya mwisho hawakuulizwa lolote wakati mabwawa yalipojengwa. Leo wao ndio wanaolipa, na wanalipa kwa mpunga, kwa samaki, kwa maembe, kwa ng'ombe, na kuna mwaka walilipa kwa roho za watu.

Kwanza nikueleze jinsi mto huu ulivyokuwa ukiwalisha, maana bila kulielewa hilo huwezi kuona kilichoharibika.

Kuanzia Garsen kwenda chini, Tana hauna tena bonde la kuubana. Nchi ni tambarare, mto unajipinda, unaacha mikondo ya zamani na kuchimba mingine, na kandokando yake kuna maziwa kama Shakababo na Bilisa, vinamasi vyenye nyasi, vipande vya msitu, na mwisho kabisa mikoko. Eneo hilo, ndiyo delta ya Tana, hekta 163,600, liliandikishwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Lakini kabla ya dunia kulitambua, Wapokomo, wakulima wa kando ya mto, walikuwa wamelitambua. Walijenga vijiji vyao juu ya kingo zilizoinuka, mashamba wakayalima kutoka ukingoni kwenda nyuma hadi kwenye bonde la maji, na kila kimo cha ardhi kikapewa mazao yake. Migomba na miembe ilikaa juu, penye unyevu lakini pasipotuama maji. Mahindi na kunde zilishuka kidogo. Mpunga ulikaa chini kabisa.

Mvua kubwa za Aprili zikinyesha milimani, maji huchukua siku kadhaa kuteremka, na mwezi wa Mei mto hupanda polepole hadi ukafurika kingo zake. Maji yale huja na udongo. Hutandaza rutuba mashambani bila mtu kununua hata mfuko mmoja wa mbolea. Huingia maziwani, na kambare na perege huyafuata wakazaliane kwenye maji tulivu yenye majani. Huotesha nyasi nchi nzima ya delta, na maji yakishapungua, Waorma na Wawardei hushusha mifugo yao kutoka bara iliyokauka. Hunywesha miti ya msituni kwa chini, kupitia mchanga. Mwezi wa Novemba, baada ya vuli, mafuriko madogo hurudi tena. Kwa wakulima wale mafuriko yalikuwa mgeni njoo mwenyeji apone, na mwaka ambao hayakuja ndio uliokuwa mwaka wa njaa.

Najua jambo hili ni gumu kuliamini kwa mtu aliyezoea taarifa zetu za habari, ambapo kila mafuriko ni janga, ni picha za mabati yanayoelea na watoto waliobebwa mabegani. Janga lipo, na nitalifikia. Lakini kuna mafuriko ya kiasi yanayokuja kwa wakati wake, na kuna gharika. Mhandisi wa bwawa huyaweka yote katika hesabu moja. Mkulima wa Ngao au wa Chara, huko delta, hawezi.

Sasa tazama lililotokea. Bwawa kazi yake ni kupokea maji mengi ya masika na kuyaachia kidogo kidogo mwaka mzima, ili mitambo isikose kuzunguka. Kwa umeme hilo ni jambo jema. Kwa delta maana yake ni kwamba kilele cha Mei kinakatwa, na kiangazi mto unabaki katika kimo cha kati, kimo ambacho hakifiki shambani. Wanasayansi waliolinganisha vipimo vya mto kabla na baada ya Masinga wameona kwamba kilele hicho cha Mei kimeshuka. Wazee walikuwa wameliona hilo bila kipimo. Kuna maziwa yaliyokuwa yakijazwa karibu kila mwaka, na sasa yanakaa miaka bila kuunganishwa na mto. Ziwa likikaa hivyo, kambare hawaingii, na mvuvi anauza nyavu au anahamia Malindi kutafuta kibarua.

Kuna pia habari ya tope. Miteremko ya Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Embu imelimwa mpaka kwenye kingo za vijito, na kila mvua kubwa hushusha udongo. Udongo huo unanaswa Masinga, na umelijaza bwawa kwa haraka kuliko walivyokadiria waliolibuni. Mkulima wa juu amepoteza shamba lake, bwawa limepoteza nafasi ya maji, na mkulima wa chini amepoteza mbolea yake, yote kwa udongo ule ule. Tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi unaowasaidia wakulima wa milimani kuchimba makinga maji na kupanda miti na majani ya kuzuia mmomonyoko. Ni kazi nzuri, naisifu. Lakini hata jina la mfuko huo linataja Tana ya Juu na Nairobi, na Tana ya Chini haimo.

Na mto unaotoka bwawani ukiwa umepokonywa tope lake haukai kimya. Huanza kula kingo na sakafu yake wenyewe, ukajichimbia chini, na kadiri unavyozama ndivyo maji yanavyohitaji nguvu zaidi kupanda mpaka shambani.

Lakini ubaya wenyewe hasa uko mwisho wa mto, katika vijiji vya Ozi na Kau na Kilelengwani, karibu na Kipini. Huko kulikuwa na kilimo ambacho nikikifikiria huona fahari kuwa binadamu wa pwani hii ndio waliokibuni. Kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, bahari hujaa sana na kuusukuma mto urudi nyuma. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu, na bahari inapoyainua hupanda hadi kwenye mdomo wa mifereji midogo iliyochimbwa kwa jembe. Mkulima huyafungulia, yakaingia kwenye mpunga, kisha huziba. Bila pampu, bila dizeli, bila deni la benki. Bahari ndiyo iliyokuwa ikimpandishia maji ya mto.

Mpango huo unahitaji jambo moja tu: mto uwe na nguvu ya kuizuia bahari nje. Mto ukidhoofika, bamvua ni ile ile, mfereji ni ule ule, lakini maji yanayoingia ni ya chumvi. Ndivyo ilivyokuwa. Chumvi imepanda na mto, mpunga umeunguzwa, migomba imenyauka, miembe iliyopandwa na mababu imekauka ikiwa imesimama, visima vimekuwa chumvi. Mikoko yenyewe inaonekana ikisogea juu kufuata maji yake, penye mashamba. Bahari nayo inazidi kupanda duniani kote kwa sababu ya joto, kwa hiyo mto unasukumwa kutoka mbele huku umenyimwa nguvu kutoka nyuma. Mwanamke wa Ozi aliyezoea kuchota maji mtoni mbele ya nyumba yake, sasa hupanda mtumbwi kwenda juu kuyatafuta matamu, au huyanunua kwa madumu.

Na hata huko baharini hasara imefika. Ghuba ya Ungwana ndiyo iliyokuwa ikitegemewa kwa kamba kuliko sehemu yoyote ya pwani ya Kenya, na kamba hukua kwenye mikoko inayolishwa na maji na tope la mto.

Je, Serikali haikujaribu kitu? Ilijaribu, na ni haki kusema. Kule Hola mradi wa umwagiliaji ulianza miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Kule Bura ulianzishwa mradi mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, ukapangwa kwa hekta 6,700, na haukufika hata nusu ya hapo. Pampu zilikula dizeli kuliko pamba ilivyoweza kulipa, walowezi walioletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi wakaachwa na vibanda na madeni. Kuni zilipokuwa haba, ukapandwa mti wa kigeni, mathenge, na mathenge sasa umefunga njia, malisho na hata kingo za mto, na miiba yake inatoboa gurudumu na mguu wa ng'ombe. Kisha chini kabisa, karibu na Garsen, ukaja mradi wa mpunga wa Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, wenye tuta la kuzuia mto. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalilivunja.

Miradi hiyo yote ilianza na dhana moja, kwamba mto uzuiwe nje ya shamba, halafu maji yarudishwe ndani kwa mashine. Watu waliokuwa wakilima pale kwa vizazi walikuwa wanafanya kinyume chake, na hakuna aliyekaa nao kuwauliza ni mpunga gani unaostahimili maji ya kimo gani. Hukumu yangu ni kwamba fedha hizo zilipotea kwa sababu hiyo, kuliko sababu nyingine yoyote.

Nimesema kuna mwaka walilipa kwa roho. Ni 2012. Mfugaji wa Orma anapoleta ng'ombe mtoni hupitia malka, njia ya mifugo iliyokubaliwa kati ya mashamba ya Wapokomo. Kwa miaka mingi wazee wa baraza la gasa upande wa wakulima na wazee wa wafugaji walikuwa wakikaa na kusema, mwaka huu pitia hapa, shamba likiliwa fidia ni kadha. Nyasi za delta zilipopungua, na mifugo ikazidi kutoka mbali, hata Garissa na Wajir, na mashamba nayo yakasogezwa kuufuata mto uliorudi nyuma, malka zikabanwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule, katika kijiji kimoja tu, Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia mwisho wa mwaka waliokufa delta nzima walizidi 100. Siasa za uchaguzi zilikuwapo, silaha zilikuwapo, migogoro ya hati za ardhi ilikuwapo. Lakini mtu akikwambia ni chuki ya makabila tu, mwulize kwa nini wazee wale wale walipatana mtoni miaka mingi mto ulipokuwa ukifurika vizuri.

Sasa niirudie gharika, maana najua kuna msikilizaji anayejiuliza: mbona kila baada ya miaka michache tunaona kaunti ya Tana River imezama? Ni kweli. Ilizama 2018. Ilizama mwishoni mwa 2023 kwa mvua za El Niño, na ikazama tena Aprili na Mei 2024, barabara ya Garissa ikakatika hapo Madogo, na boti iliyokuwa ikivusha abiria ikapinduka, watu wakafa. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote ya jioni hii. Bwawa hunasa mafuriko madogo na ya kati, yale yenye faida. Gharika hushindwa kuinasa, kwa sababu likishajaa halina la kufanya ila kumwaga. Kwa hiyo watu wa chini wamenyimwa maji yaliyokuwa yakiwalisha, wakaachiwa yale yanayowaua. Na kwa kuwa mafuriko ya kawaida hayaji tena kila mwaka, watu wameshuka kujenga na kulima penye bonde, mahali ambapo babu zao wasingelaza hata kuku. Maji yanaposhuka kwa ghafla, yanawakuta humo. Wenye mabwawa hutoa tahadhari, ndiyo, lakini tahadhari ya kuhama si sawa na ratiba ya kulima.

Dawa ipo, na si ya kubuni kesho. Afrika Kusini, bwawa la Pongolapoort lilijengwa kwa ajili ya kumwagilia miwa, likawakatia mafuriko wakulima na wavuvi wa chini yake. Ikaonekana hasara, malango yakaanza kufunguliwa kila mwaka kwa makusudi, kwa tarehe inayojadiliwa, ili bonde lifurike kwa kiasi. Kaskazini mwa Cameroon, nyanda za Waza-Logone zilikauka baada ya bwawa la Maga la mwaka 1979. Mwaka 1994 maji yakarudishwa kwa majaribio, na nyasi zikarudi, samaki wakarudi, wafugaji wakarudi. Mafuriko yaliyopangwa, msikilizaji. Mwezi wa Mei, mwaka wenye maji ya kutosha, malango ya Masinga hadi Kiambere yafunguliwe kwa siku zilizotangazwa mapema, redio zitangaze kwa Kipokomo na Kiorma na Kiswahili na Kisomali, watu waondoe mitumbwi na ng'ombe, mto upande, mashamba yanywe, maziwa yajae, bahari isukumwe nje.

Mtu wa umeme atasema nimemwambia amwage fedha. Si kweli yote. Maji yanayopitia kwenye mitambo yakielekea delta yanazalisha umeme vilevile. Hasara iko kwenye yale yanayopita pembeni na kwenye akiba ya kiangazi. Hiyo ni hasara ya kweli, nami siipuuzi. Lakini leo mvuke ndio unaobeba mzigo mkubwa wa umeme wetu, pamoja na upepo wa Turkana, na nafasi ya kuulegeza mto ni kubwa kuliko ilivyokuwa 1981. Hasara hiyo iwekwe mezani pamoja na thamani ya mpunga, kamba, nyasi, na chakula cha msaada ambacho Serikali hiyo hiyo hununua kupeleka Tana River. Mpaka leo inahesabiwa upande mmoja tu.

Wala watu wa delta wenyewe hawana mikono safi kabisa. Mikoko hukatwa, msitu wa kando ya mto hugeuzwa makaa, na kuna anayelima hadi ukingo uporomoke. Hayo yasimamiwe na wazee na kaunti bila kuoneana haya. Lakini hata mtu asikate mti mmoja, chumvi ya Ozi haitarudi nyuma bila maji kutoka juu.

Sheria hatukuikosa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kitengwe kwanza kiasi cha maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla ya kugawia wengine. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihakikishe manufaa ya rasilimali yanagawanywa kwa haki. Na mwaka 2013, baada ya wakazi kwenda mahakamani kupinga mipango ya kugeuza delta kuwa mashamba makubwa ya miwa na mengineyo, Mahakama Kuu iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Watu hawa si wageni wa kudai haki yao.

Nalisema sasa kwa sababu kwa miaka mingi upo mpango wa bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, chini ya yale matano, ambalo kwa hesabu ya waliolichora lingeweka maji zaidi ya mara tatu ya Masinga. Bwawa kama hilo laweza kuimaliza delta, au laweza kuirudishia maji yake, kutegemea na malango yatakavyochorwa na kanuni itakavyoandikwa kabla ya saruji ya kwanza kumwagwa. Baada ya hapo hakuna atakayesikiliza. Taifa hili husimama wima likisikia wimbo wake, na wimbo huo ulitungwa kwa sauti ya bembelezo la akina mama wa Kipokomo. Walau katika jambo la maji yao, na wao wasikilizwe.

Kwa hiyo, nyinyi mlioko Garsen, Ngao, Chara, Kau, Ozi na Kipini, na nyinyi wafugaji mliotoka mbali kufuata nyasi: mkutano wa kupokea maoni ya wananchi kuhusu mto huu ukiitishwa, nendeni, nendeni pamoja, mkulima na mfugaji na mvuvi. Msikubali kuondoka pale kwa chai na nauli. Ulizeni maji ya Mei yatafunguliwa tarehe ngapi, kiasi gani, na ni ofisa gani atakayeweka sahihi yake chini ya ahadi hiyo.